Kusomea haki jinai Marekani: lipia nini, acha nini

Kila mwaka kabla ya muhula wa Agosti, vijana wetu wa Columbus, Louisville, Des Moines, Phoenix na Minneapolis hujiandikisha haki jinai kwenye vyuo vya jamii, na wengi wao wana sababu moja tu: wanataka kuwa polisi. Nia ni njema na kazi inalipa. Takwimu za Wizara ya Kazi ya Marekani za Mei 2024 zinaweka mshahara wa kati wa polisi na wapelelezi kwenye dola 77,000 hivi kwa mwaka. Shida ni kwamba wengi wanalipia digrii ambayo kazi hiyo haiidai, huku wakiahirisha kwa miaka miwili mambo ambayo kazi inayadai kweli.

Kwa hiyo chagua kazi kwanza, chuo kifuate. Na kabla ya yote elewa unanunua nini.

Digrii ya haki jinai haina leseni nyuma yake. Anayesomea uuguzi miaka miwili kwenye chuo hichohicho anamaliza akiwa na haki ya kufanya mtihani wa leseni, na leseni ndiyo inayomfungulia mlango wa hospitali. Kwa haki jinai mambo hayaendi hivyo. Leseni ya upolisi inatoka kwenye akademia ya polisi iliyo chini ya bodi ya jimbo, na akademia ni mafunzo tofauti kabisa na darasa la chuo. Mwenye digrii asiyepita akademia bado ni raia wa kawaida. Aliyepita akademia bila digrii, katika majimbo mengi, ni polisi kamili.

Tuanze na kazi ya chini kabisa kwa mshahara. Ulinzi wa kampuni binafsi unataka kibali cha jimbo na mafunzo mafupi, mara nyingi ya siku chache. Mshahara wa kati hauzidi dola 40,000 kwa mwaka. Ukisoma miaka miwili ili uje ulinde ghala usiku, umelipia kitu ambacho mlinzi mwenzako hakukilipia na mnapokea sawa.

Askari magereza ni habari tofauti. Majimbo na kaunti nyingi zinataka cheti cha sekondari au GED, mtihani unaolingana nacho, kisha zinakufundisha zenyewe huku zikikulipa. Mshahara wa kati unakaribia dola 58,000. Kazi ni ngumu, zamu ni ndefu, lakini mlango uko wazi leo bila digrii.

Kwa polisi, jibu linategemea jimbo na hata mji, na hapa ndipo simu moja inaweza kukuokolea mwaka mzima. Idara ya polisi ya New York kwa muda mrefu ilidai krediti 60 za chuo, yaani digrii ya miaka miwili kwa hesabu. Februari 2025 ilishusha sharti hilo hadi krediti 24. Aliyekuwa amejipanga kusoma miaka miwili ndipo aombe, sasa mihula miwili inamtosha. Minnesota ni kinyume chake: ni jimbo linalojulikana kwa kuwataka polisi wake wawe na digrii, pamoja na masomo maalumu ya upolisi yanayotambuliwa na bodi ya jimbo. Kijana wa Minneapolis ana sababu ya kulipa. Binamu yake wa mji unaotaka cheti cha sekondari tu hana sababu hiyo, angalau si mwanzoni.

Ofisa wa probesheni, yule anayewasimamia wahalifu walio nje ya gereza, kwa kawaida anatakiwa awe na digrii ya miaka minne. FBI inataka digrii ya miaka minne, uzoefu wa kazi wa miaka miwili, umri kati ya miaka 23 na 36, na uraia wa Marekani. Kwa kazi hizi mbili miaka miwili ya chuo cha jamii ni nusu ya safari, na swali la maana ni kama nusu hiyo itapokelewa na chuo kikuu utakachoendelea nacho. Nitalirudia hilo, maana ndipo pesa nyingi inapopotelea.

Sasa uraia. Ajira za mawakala wa serikali ya shirikisho zinataka raia. Majimbo mengi nayo yamekuwa yakitaka polisi awe raia, ingawa baadhi yamelegeza: California tangu 2023 inamruhusu yeyote mwenye haki ya kisheria kufanya kazi, na Illinois ilifuata 2024. Ukiwa na kadi ya kijani na umeshafikisha miaka ya ukaazi inayotakiwa, fomu ya uraia N-400 ni dola 710 ukiijaza mtandaoni au 760 kwa karatasi, kwa bei zilizoanza Aprili 2024. Familia yenye kipato kidogo inaweza kuomba ilipe 380. Kwa mtu anayelenga beji, hakuna krediti ya chuo yenye thamani kama fomu hiyo. Itangulize.

Tuje kwenye bei za vyuo.

Wastani wa ada ya chuo cha jamii kwa mkazi wa eneo lake, mwaka wa masomo 2024–25, ulikuwa dola 4,050. Chuo kikuu cha umma cha miaka minne, kwa mkazi wa jimbo, 11,610. Chuo binafsi kisicho cha biashara, 43,350. Hizo ni ada peke yake, bila chakula wala kodi ya nyumba.

Lakini wastani haukulipii ada, wewe unalipa bei ya pale ulipo. California inatoza wakazi wake dola 46 kwa krediti, kwa hiyo krediti 60 ni dola 2,760 tu kwa digrii nzima. North Carolina ni dola 76 kwa krediti, digrii nzima 4,560. New York, vyuo vya jamii vya CUNY, mfumo wa vyuo vya umma wa jiji hilo, ni dola 4,800 kwa mwaka. Kwa bei ya California hata anayesitasita anaweza kujaribu muhula mmoja bila kujiumiza.

New York kuna jambo ambalo watu hawaambiwi. John Jay, chuo kikuu cha umma cha CUNY kilichojengwa mahsusi kwa ajili ya haki jinai, kinatoza mkazi dola 6,930 kwa mwaka. Ukianza miaka miwili chuo cha jamii kisha uhamie John Jay, ada yote ni 23,460. Ukianzia John Jay mwaka wa kwanza, ni 27,720. Tofauti ni dola 4,260 kwa miaka minne. Si haba, lakini si pengo la kukufanya ukimbie chuo kikubwa kama wamekukubali. Na ukipata ruzuku ya Pell kamili, ambayo ni dola 7,395 kwa mwaka, ada ya John Jay inafunikwa yote. Kwa mtoto wa familia yenye kipato kidogo anayetaka probesheni au FBI, ningemwambia aende John Jay moja kwa moja.

Wa tatu sokoni ni vyuo vya biashara, yaani vya kutafuta faida, vile vyenye matangazo ya basi na washauri wanaopiga simu mara tatu kwa siku. Haki jinai imekuwa bidhaa yao kwa miaka mingi kwa sababu ni rahisi kuiendesha: haihitaji maabara wala vitanda vya hospitali, inahitaji chumba, projekta na mwalimu aliyewahi kuwa polisi.

Soma kisa cha Westwood kabla hujaweka sahihi popote. Kilikuwa chuo cha biashara chenye matawi katika eneo la Chicago. Mwaka 2012 Mwanasheria Mkuu wa Illinois, Lisa Madigan, alikishtaki kwa namna kilivyouza programu yake ya haki jinai. Wanafunzi waliaminishwa kwamba wangeajiriwa na polisi wa Chicago na polisi wa jimbo, wakati idara hizo hazikutambua digrii yake kwa sababu ya aina ya ithibati kiliyokuwa nayo. Gharama ya programu ilizidi dola 70,000. Mwaka 2015 kesi ilimalizwa kwa chuo kukubali kufuta madeni ya dola milioni 15 ya wanafunzi wa haki jinai, mwaka 2016 chuo kikafungwa, na mwaka 2022 serikali ya shirikisho ikafuta mikopo ya dola bilioni 1.5 ya watu 79,000 waliosoma Westwood. Waliofutiwa walikuwa wameishi na deni hilo miaka, na digrii ilikuwa haijawapatia kazi.

Neno la kuulizia ni ithibati. Usimuulize mshauri wa chuo kama wana ithibati, maana atasema wanayo, na anaweza kuwa anasema kweli. Piga simu chuo kikuu cha umma cha jimbo lako uulize: krediti za chuo hiki mnazipokea? Kisha piga idara ya polisi unayoitaka, uliza vilevile. Ukijibiwa hapana mahali pamoja, ondoka, hata kama wamekuahidi kompyuta ya bure.

Ukishapata chuo cha jamii cha umma, bado una uamuzi mmoja ambao fomu ya usajili inauficha kwenye herufi mbili tatu. Haki jinai hutolewa kwa sura mbili. AAS imetengenezwa kwa anayekwenda kazini moja kwa moja. AA na AS zimetengenezwa kwa anayehamia chuo kikuu. Jina la programu linaweza kuwa moja, chumba kimoja, mwalimu mmoja, lakini chuo kikuu kikaipokea moja na kuikataa sehemu kubwa ya nyingine.

Fanya hesabu kwa bei za wastani. Krediti moja ya chuo cha jamii ni kama dola 135. Krediti moja ya chuo kikuu cha umma ni kama dola 387. Krediti zako 20 zikikataliwa, umetupa dola 2,700 ulizokwishalipa, na utalipa tena 7,740 kuzirudia kwa bei ya juu. Zaidi ya dola 10,000 zimekwenda kwa sababu ya herufi moja. Rahisi ikageuka ghali.

Dawa ipo na ni ya bure: mkataba wa uhamisho kati ya chuo chako na chuo kikuu, ulioandikwa, unaotaja masomo kwa namba zake. California ina digrii maalumu ya uhamisho ya somo hili, na anayeimaliza anahakikishiwa nafasi katika CSU, mfumo wa vyuo vikuu vya umma wa jimbo, na kubakiwa na krediti 60 tu. New York, vyuo vya jamii vya CUNY vina mpango uitwao CUNY Justice Academy unaowapeleka wanafunzi John Jay kwa njia iliyopangwa. Ukiwa jimbo lingine, omba karatasi hiyo ofisi ya ushauri kabla ya kuchagua somo la kwanza. Mshauri akikuambia kwa mdomo kwamba "huwa zinapokelewa", mwombe akuandikie baruapepe. Kwa upole, lakini usiondoke bila hiyo baruapepe.

Ukiwa hujaamua kati ya kazi na chuo kikuu, chukua AS. Polisi wataipokea sawa na AAS, na mlango wa mbele unabaki wazi.

Akademia ya polisi nayo ina bei mbili: ya kulipa wewe na ya kulipwa wewe. Idara nyingi, hasa za miji mikubwa, zinakuajiri kwanza, zinakupeleka akademia, na mshahara unaanza siku ya kwanza ya mafunzo. Njia ya pili ni kujilipia akademia, mara nyingi ndani ya chuo cha jamii hichohicho, kwa gharama inayoweza kufika maelfu ya dola pamoja na sare, viatu, risasi za mazoezi na vipimo vya afya. Unapoteza pia miezi ya kipato, maana mafunzo ya mchana hayachanganyiki na zamu ya ghala.

North Carolina inaonyesha tofauti hiyo wazi. Mafunzo ya msingi ya polisi, BLET, hufundishwa kwenye vyuo vya jamii. Ukidhaminiwa na idara ya polisi au ofisi ya sherifu, ada inaondolewa. Barua moja ya udhamini inafuta ada hiyo. Tena ukimaliza BLET, vyuo hivyo hukuhesabia krediti kuelekea AAS ya haki jinai. Kwa mwenye pesa kidogo mpangilio mzuri ni huu: pata mdhamini, soma BLET, ajiriwa, malizia digrii polepole.

Sababu ya kumalizia ukiwa kazini ni kwamba idara nyingi hulipia masomo ya askari wake. Sheria ya kodi inamruhusu mwajiri akulipie masomo hadi dola 5,250 kwa mwaka bila wewe kukatwa kodi, na kiasi hicho kinazidi ada ya wastani ya chuo cha jamii. Idara nyingine huongeza mshahara kwa mwenye digrii. Massachusetts ilianzisha utaratibu huo kwa sheria ya mwaka 1970, maarufu kama Quinn Bill, ikitoa nyongeza ya asilimia 10 kwa digrii ya miaka miwili na 20 kwa ya miaka minne. Serikali ya jimbo baadaye iliacha kuchangia sehemu yake, kwa hiyo usihesabu nyongeza ya namna hii mpaka uione kwenye mkataba wa sasa wa idara yako.

Sasa, nani alipe kama bado hujaajiriwa?

Jaza FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa masomo wa serikali ya shirikisho. Ni bure. Yeyote anayetaka dola 50 ili akujazie anakuuzia kitu kisichouzwa, hata kama ni mtu wa kanisani kwenu. Maktaba ya mtaa na ofisi ya misaada ya chuo watakusaidia bila malipo. Raia na wenye kadi ya kijani wanastahili kuomba. Ukiwa na hadhi nyingine ya uhamiaji, nenda ofisi ya misaada na karatasi zako mkononi kabla ya kusajili somo lolote, maana masharti ya wageni yanabadilika na hutaki kuyajua baada ya bili kufika.

Pell hairudishwi. Kwa mwenye kiwango cha juu anayesoma muda wote, ada ya wastani ikitoka, zinabaki kama dola 3,300 za vitabu, basi na maegesho. Ila jua kwamba chuo hakikupi salio hilo siku ya kwanza. Hutoka wiki kadhaa baada ya muhula kuanza, na vitabu vinatakiwa wiki ya kwanza. Weka akiba ndogo ya kuvuka hapo, au uulize kama chuo kinakuruhusu uchukue vitabu kwenye duka lake kwa hesabu ya Pell.

Pell ina mwisho wake: sawa na mihula 12 ya muda wote, maisha yako yote. Masomo usiyoyahitaji yanakula hiyo akiba. Ndiyo maana nasisitiza Kiingereza cha matayarisho, kwa anayekihitaji, kisomwe nje ya chuo, kwenye shule za watu wazima, maktaba na mashirika ya wakimbizi, ambako mara nyingi ni bure. Chuoni masomo hayo yanalipiwa, na mara nyingi hayahesabiki kwenye digrii. Nimeona watu wazima wenye akili timamu na bidii wakimaliza mwaka mzima wa chuo bila krediti hata moja ya haki jinai.

Baadhi ya majimbo yana mipango ya kufuta ada kabisa. Tennessee inayo ya vijana na ya watu wazima, Michigan na Massachusetts wanayo, New Mexico tangu 2022, Minnesota tangu 2024 kwa familia zenye kipato chini ya dola 80,000. Soma masharti. Mpango wa vijana wa Tennessee unadai saa nane za kujitolea kila muhula na kusoma muda wote. Ukikosa saa hizo, msaada unakatika. Mingi inalipa kile Pell ilichobakiza kwenye ada, kwa hiyo vitabu na nauli bado ni vyako.

Mkopo uwe wa mwisho. Digrii isiyo na leseni haipaswi kukuacha na deni. Kwa bei za chuo cha jamii, mtu anayefanya kazi nusu ya siku na kusoma masomo mawili kwa muhula anaweza kulipa taslimu kwa awamu, hata bila Pell. Atachelewa, lakini hatadaiwa.

Gharama zisizo kwenye tangazo ndizo zinazowaangusha watu. Ada ya teknolojia, ada ya shughuli za wanafunzi, kibali cha maegesho, ada ya kuchelewa kusajili, ada ya kuhitimu, ada ya nakala ya matokeo. Kila moja ni ndogo, na zikikusanyika zinaweza kuwa mamia ya dola kwa mwaka. Omba bili ya mfano ya muhula mmoja, yenye kila mstari, badala ya kuamini ukurasa wa ada.

Suala la ukaazi ni kubwa kuliko hayo yote. Bei nafuu ni ya mkazi, na majimbo mengi yanataka uwe umeishi hapo miezi 12. Familia nyingi za Wakongomani hufika Texas kisha huhamia Iowa au Ohio kufuata ndugu na viwanda. Ukisajili mwezi wa tatu baada ya kuhama, unaweza kutozwa bei ya mgeni, ambayo mara nyingi ni mara mbili au zaidi. Tunza mkataba wa nyumba, bili ya umeme na leseni ya udereva yenye anwani mpya tangu siku ya kwanza, na kama umebakiza muhula mmoja kufikisha mwaka, subiri.

Vyeti vya nyumbani vinagharimu pia. Matokeo ya NECTA, KCSE au diploma ya serikali ya Kongo yanaweza kutakiwa yatathminiwe na kampuni ya tathmini kwa dola mia na zaidi, pamoja na tafsiri ya Kifaransa. Uliza kwanza kama chuo kinaidai kwa programu yako. Aliyepoteza vyeti kambini asihangaike kuvitafuta Nyarugusu au Kakuma. GED itamfikisha haraka zaidi, na baadhi ya majimbo hulipia mtihani wake.

Vitabu: kitabu kipya cha utangulizi wa haki jinai kinaweza kupita dola 100. Kukodi ni nafuu, toleo la zamani ni nafuu zaidi, na sheria za msingi hazibadiliki kila mwaka. Jihadhari na kitabu kinachoambatana na nywila ya mtandaoni ya kutumia mara moja. Ukikinunua mkononi, nywila imeshakufa na utalipa tena. Usinunue chochote kabla ya kipindi cha kwanza. Kuna pia kitabu huria cha utangulizi wa mfumo wa haki jinai wa Marekani, kilichoandaliwa na walimu wa Southern Oregon University, ambacho unakisoma bure. Hata mwalimu asipokitumia, kinakutayarisha.

Kuacha somo katikati kuna bei. Ukijiondoa kabla ya asilimia 60 ya muhula kupita, sehemu ya Pell inarudishwa serikalini, na chuo kinakudai pengo hilo. Ukishindwa kulipa, wanakuzuia kusajili muhula ujao. Zamu zikikubana, nenda kwa mshauri mapema, wakati bado kuna tarehe ya kuacha bila gharama.

Kuna njia moja ya kupunguza bili ambayo ni yetu sisi wasemaji wa Kiswahili. Vyuo vingi vinataka krediti za lugha ya kigeni, hasa kwa AA na kwa digrii ya miaka minne. Mtihani wa lugha wa ACTFL upo kwa Kiswahili, na vyuo vingine hutoa krediti kwa matokeo yake. Uliza kabla ya kulipia mtihani. Kwa masomo ya jumla kama sosholojia, saikolojia na serikali ya Marekani, mitihani ya CLEP, ya kupata krediti bila kukaa darasani, ni karibu dola 100 kila mmoja, na shirika la Modern States hutoa kozi za kujitayarisha na vocha ya mtihani bila malipo. Somo moja la krediti tatu kwa bei hiyo, hata California hawakufikii.

Kwa msomaji aliye Dar es Salaam au Nairobi anayefikiria kuja kwa viza ya mwanafunzi kusomea somo hili: usiuze kiwanja. Viza ni dola 185, ada ya SEVIS, mfumo wa serikali wa kufuatilia wanafunzi wageni, 350, ada ya chuo ni ya mgeni, msaada wa serikali hupati, na upolisi wenyewe utakuwa umefungwa kwako. Utakuwa umejifunza sheria na taratibu za nchi usiyoweza kuitumikia.

Ukiwa umeamua haki jinai ndiyo yako, chagua masomo yanayobeba uzito kazini. Uandishi wa ripoti uwe wa kwanza, kwa sababu polisi huandika kila siku na ripoti mbovu huiangusha kesi mahakamani. Utaratibu wa mashtaka na sheria ya ushahidi vifuate. Masomo ya kuvutia juu ya wauaji maarufu na maabara za uchunguzi yanajaza darasa, lakini hayaulizwi kwenye usaili.

Na wakati unasubiri muhula, anza faili la uchunguzi wa historia yako, maana idara itauliza anwani zote ulizoishi, waajiri wote, faini za barabarani na madeni. Kwa aliyepita nchi mbili na kambi moja, kukusanya hayo kunachukua muda. Unapopiga simu kwa ofisa wa uandikishaji kuuliza krediti ngapi wanazitaka, muulize pia kama wana nafasi za kadeti kwa wanafunzi wa chuo. New York wanazo, na miji mingine pia. Kadeti hulipwa kwa saa huku anasoma, na idara humfahamu kabla hajaomba kazi yenyewe.